Shamba la Babu na Deni Lake

Masomo: 1 Wafalme 21, Ezekieli 18, Luka 19:1-10

Baada ya somo la urithi, watu kadhaa walinifuata nje na swali moja: "Mchungaji, kama babu alikosa juu ya shamba, mimi niliyezaliwa juzi nina hatia gani?" Muda ulikuwa umeisha, kwa hivyo ninajibu hapa.

Tuanze mbali na nyumbani, maana makosa ya wengine huonekana haraka kuliko yetu. Jina Delamere wengi wetu tunalijua kwa maziwa tu, pale Naivasha tukisafiri. Hugh Cholmondeley, Bwana Delamere wa tatu, alizaliwa Uingereza mwaka 1870 na kufika nchi hii 1897 akipitia Somalia. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimpa ekari 100,000 kule Njoro, kwa mkataba wa miaka 99. Baadaye akapata Soysambu, karibu na Elementaita, ekari zingine kama 50,000.

Mimi nilisomea biashara, na nikisoma habari za mtu kama huyu ninatafuta hesabu kwanza. Hesabu zake zilikuwa mbaya! Kondoo wa kigeni walikufa kwa sababu majani ya Njoro yalikosa madini. Ng'ombe wakamalizwa na magonjwa. Ngano ikashikwa na kutu, akaajiri mtaalamu wa kutafuta mbegu inayostahimili. Pesa za kufanya yote hayo alizipata kwa kuweka rehani mali ya baba zake Uingereza. Alipokufa mwaka 1931 aliacha deni kubwa la benki. Ninamheshimu kwa bidii. Wakulima wengi wa ngano baada yake walipita njia aliyoilipia yeye.

Lakini kuna deni ambalo benki haikuliandika. Mwaka 1904 Wamaasai walitiliwa saini mkataba wa kuhama Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia. Mwaka 1911 wakahamishwa tena kutoka Laikipia, ili walowezi wapate nafasi. Walikwenda kortini 1913 wakashindwa. Delamere alikuwa na marafiki Wamaasai na aliongea lugha yao, lakini urafiki haukurudisha malisho.

Mwanawe Thomas aliuza nyumba kuu ya ukoo kule Uingereza mwaka 1947, akaendelea kufuga hapa hadi alipofariki 1979. Akafuata mjukuu, Hugh. Kitukuu naye, Tom, alimpiga risasi askari wa wanyamapori, Samson ole Sisina, mwaka 2005, na serikali ikaondoa kesi. Mwaka 2006 akampiga risasi Robert Njoya, fundi wa mawe. Mahakama ilimpata na hatia ya kuua bila kukusudia, 2009, akafungwa miezi minane juu ya miaka karibu mitatu aliyokuwa amekaa rumande. Alifariki 2016, baba yake akiwa hai.

Nimewahi kusikia mhubiri akisema hiyo ni laana ya ukoo, na ukitoa sadaka fulani yako itavunjwa. Mimi sikubali. Ezekieli 18 iko wazi kabisa kwamba mwana habebi uovu wa baba. Aliyevuta risasi atajibu kwa risasi yake, na wajane wa wale wawili hawahitaji maelezo yetu ya kiroho.

Sasa, mnisikie vizuri. Ezekieli anakuondolea hatia ya babu, lakini hakupi hati ya shamba la Nabothi. Ukikuta ng'ombe wa jirani katika boma la marehemu baba yako, wewe si mwizi. Ukishajua ni wa nani na ukaendelea kukamua, hilo sasa ni lako. Hata sheria ya mirathi ya Kenya inataka madeni ya marehemu yalipwe kabla mali haijagawanywa. Hakuna mahali panaposema utachukua mali na kuacha deni. Zakayo alielewa hivyo bila kufundishwa, na hakumwomba Yesu avunje kitu.

Turudi Ukambani. Sisi tunapenda kusimulia tulivyodhulumiwa, na ni kweli. Mwaka 1938 serikali ilichukua ng'ombe wetu kwa nguvu, Muindi Mbingu akawaongoza watu hadi Nairobi. Vilima vya Mua vilikuwa vya walowezi. Msongamano wa Machakos ndio uliowasukuma babu zetu kuja kufyeka vichaka vya Makueni miaka ya 1940, penye mbung'o na vifaru. Lakini wakati wa kuandikisha ardhi, ni nani aliyekuwa Mombasa akifanya kazi, na nani aliyekuwa nyumbani akimwonyesha mpimaji mpaka wa makonge? Dada aliyerudi kutoka ndoa iliyovunjika aliandikwa?

Ninauliza kwa sababu tulipoanza mirathi ya babu yangu, mzee mmoja jirani alituambia ekari nne za chini, karibu na mto, zilikuwa za ndugu yake babu aliyefia Changamwe. Wajukuu wake wapo. Nilipolitaja kwenye kikao, baba mdogo aliniangalia akasema, "Wewe umesomeshwa na hilo shamba." Ni kweli. Karo yangu ya chuo ilitoka kwenye ndengu na maembe ya hapo chini. Nilinyamaza, nikanywa chai yangu. Wiki iliyofuata nikawapigia simu wale wajukuu.

Mpimaji anakuja mwezi ujao. Baba mdogo hajasema kama atafika, na mama ananiambia nimeharakisha. Huenda, lakini wale wa Changamwe wameshakata tiketi.

Jumatano saa kumi jioni tutaombea familia zenye mirathi ambayo haijafungwa. Njooni na majina ya wale ambao hawajawahi kuitwa kwenye kikao.