SOMO LA IJUMAA: KONOKONO KATIKA SAHANI YA MAMA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, wako kati yetu walioingia dini wakiwa watu wazima, na wazazi wao bado si Waislamu. Wakienda kuwasalimu, mama anawapakulia konokono, yule anayeitwa mbembe kwa Kilingala. Wanauliza: tule au tukatae? Kwa ajili ya sahani hiyo mtu anaweza kugombana na mzazi wake. Tujifunze.

1. WATU WANAOMLA
Konokono wa nchi kavu ni chakula cha mataifa mengi. Ghana na Nigeria wale wakubwa wanauzwa sokoni. Ufaransa wanampika na siagi na kitunguu saumu. Hata Marrakech, katika Moroko, nchi ya Waislamu, supu yake yenye viungo inauzwa barabarani: watu wanatoa nyama kwa kijiti, kisha wanakunywa supu.

2. WANAVYUONI WAMESEMA NINI
Mwenyezi Mungu ametuhalalishia vilivyo vizuri na kutuharimishia vichafu (Sura 7, aya 157). Konokono hakutajwa kwa jina, basi wanavyuoni walipima.
- Imamu Malik wa Madina (alifariki mwaka 179 wa Hijra, yaani 795) alimlinganisha na nzige. Aliyeshikwa hai, akachemshwa au akachomwa kwa jina la Mungu, analiwa. Aliyeokotwa amekufa haliwi. Wamoroko wanafuata njia hiyo.
- Wanavyuoni wa Shafii, madhehebu ya wengi wetu hapa, na wale wa Hanafi, wanamhesabu pamoja na wadudu na vitambaavyo. Hawamli.
- Akipikwa kwa mvinyo, anakatazwa kwa sababu ya mvinyo huo, hata kwa anayefuata Malik.

3. TUFANYE NINI
Sisi wafuasi wa Shafii tumwache. Lakini kuacha chakula si kumtukana aliyekipika. Mtume (s.a.w.) aliletewa mjusi wa jangwani aliyechomwa, akarudisha mkono wake. Khalid bin Walid (r.a.) akamuuliza kama ni haramu. Akajibu kwamba si haramu, ila hapatikani katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akala mbele yake, wala hakukemewa.

Basi usiteme mate, usikunje uso, usimwite mama yako mchafu. Mungu ametuamuru kukaa kwa wema hata na wazazi wasio Waislamu (Sura 31, aya 15). Sema: "Mama, aksanti. Dini yangu hainiruhusu hiki. Unipe bugali na sombe." Bora zaidi, umpelekee samaki, ambaye hahitaji kuchinjwa, mle pamoja. Na ukimwona Mwislamu wa Moroko anakula konokono, usimwite kafiri: ana imamu wake.

4. WAKATI WA DHARURA
Katika vita vilivyoanza 1996 na 1998, wengi wa mashariki ya Kongo walikimbilia porini. Aliyelazimika kwa njaa akala kisichoruhusiwa, bila kupenda wala kupita kiasi, hana dhambi (Sura 2, aya 173). Asiaibishwe na mtu.

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali na atupatanishe na wazazi wetu. Amina. Wallahu aalam.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Karatasi hii ina jina la Mungu. Usiitupe chini, ukimaliza, umpe mwenzako.)