Afya ya Familia: Kinyesi Kikitokea Kwenye Kidonda

Baada ya upasuaji wa tumbo, mathalani wa utumbo uliotoboka kwa homa ya matumbo, kinyesi huweza kutokea kwenye kidonda. Hii ni fistula ya utumbo. Siyo ile ya uzazi, wala siyo kurogwa.

Tufanye nini?

1. Tumpeleke mgonjwa hospitali mapema. Kutoka Mwamgongo, apande boti hadi Kigoma, Hospitali ya Maweni.
2. Tusizibe tundu, usaha utabaki ndani.
3. Majimaji ya utumbo huchoma ngozi. Tuioshe kwa maji safi, tuikaushe, tupake mafuta ya zinki.

Hospitalini tunaanza na maambukizo, maji mwilini na lishe. Matundu mengine hujifunga yenyewe kwa wiki 4 hadi 6. Mengine hungoja upasuaji miezi kadhaa. Tusimtenge mgonjwa.