Pikapu Iyumbayo Njiani

Twapenda leo kueleza habari za ugonjwa mmoja ambao wenye pikapu za zamani waujua sana, nao ni kuyumba. Dereva ashika usukani sawasawa, walakini gari laenda kushoto kidogo. Alirudishapo, lapita kiasi kwenda kulia. Katika barabara nyembamba, na watu wameketi nyuma juu ya magunia, jambo hili si la kuchezea.

Tutwae kwa mfano pikapu ya Land Cruiser ya aina ya 70, iliyoanza kuuzwa mwaka 1984. Zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1999 zina ekseli moja nzima mbele, imelazwa juu ya springi za vyuma bapa vilivyopangwa.

Mafundi wengi hukimbilia boksi la usukani na kukaza skrubu iliyo juu yake. Mchezo wa usukani hupungua, mwenye gari hufurahi na kulipa. Sisi twaona hiyo ni dawa mbaya. Skrubu ile ikikazwa mno, usukani hunata katikati wala haurudi wenyewe baada ya kona, na meno ya ndani hulika upesi. Boksi na liwe la mwisho kuguswa.

Yafaa kuanza chini, penye matairi. Upepo upimwe matairi yakiwa ya baridi, na ya mbele mawili yawe sawa kwa upepo na kwa ukubwa. Gari likivuta upande mmoja tu, badilisha matairi ya mbele, la kulia liwe kushoto. Likianza kuvuta upande wa pili, kosa ni la tairi. Mzigo nao utazamwe, maana ukirundikwa nyuma kupita kiasi, matairi ya mbele hukosa uzito wa kushika barabara.

Kisha tafuta mchezo. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono imefungwa, mawe yamewekwa mbele na nyuma ya matairi ya nyuma. Mtu mmoja atikise usukani kidogo kidogo, na mwenzake alale chini akiweka vidole juu ya kila kiungo cha tairodi. Jicho hudanganyika, lakini kidole huhisi upande mmoja ukienda kabla ya mwingine. Atazame pia boksi lenyewe: likisogea juu ya chesisi, boliti zimelegea au chuma kimepasuka, na hapo gari lisiende tena mpaka litengenezwe.

Baadaye inua mbele kwa jeki, uweke na vigogo imara chini ya ekseli, kwani jeki peke yake haiaminiki. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki: mchezo ukitoweka, beringi za gurudumu zimelegea, ukibaki, kosa ni la beringi za kingpini. Mafundi wengi hawaijui njia hii, nayo haigharimu hata senti moja.

Springi nazo zisisahauliwe. Bushi zikilika, ekseli yote husogea upande. Tena kingpini yapaswa kulala nyuma kidogo kwa juu, kama shingo ya baiskeli ilivyolala. Mlalo huo ndio ufanyao magurudumu yatafute njia iliyonyoka. Kabari zilizotiwa kinyume kati ya springi na ekseli hupunguza mlalo huo, na gari huyumba ijapokuwa kila kiungo ni kipya.

Wako wanaonunua shokamzoba mpya ya usukani, wakadhani wamepona. Hiyo huficha mtikisiko tu, na kiungo kilicholika huzidi kulika. Kiungo cha namna hiyo hubadilishwa. Hakichomelewi, wala msumari hautiwi mahali pa pini ya kufungia nati, maana kikichomoka magurudumu hayamtii tena dereva.

Tairodi ikibadilishwa, magurudumu yalinganishwe upya. Piga alama ya chaki nyuma ya matairi yote mawili, kimo cha katikati ya gurudumu, upime kati yake. Sukuma gari mpaka alama zifike mbele, upime tena. Tofauti ni ya milimita chache tu, na kiasi chake hasa kimo katika kitabu cha gari. Lijaribiwe polepole bila mzigo, na baada ya siku chache za kazi nati zote zikaguliwe tena.