Kitabu Ni Chako au cha Mwenzako?

Safari hii tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wenu mmelianza kwa nia njema, kisha likaleta ugomvi nyumbani. Ni kule kujijenga tabia na nguvu ya moyo kwa msaada wa vitabu, vipindi vya redio, semina, na siku hizi mafundisho ya wahamasishaji yanayotumwa kwenye simu. Mtu husoma ukurasa mmoja tu juu ya kushinda hasira, moyo wake ukawaka, na kabla chai haijapoa ameshaanza kumfundisha mwenzake namna ya kuishi.

Chukueni mfano wa mume na mke wa upande wa Garsen, katika Kaunti ya Tana River. Mfano huu nimeuunga kutokana na mambo ya nyumba nyingi, kwa hiyo asiwepo mtu wa kujitafuta humo. Walikuwa na migomba na mahindi kando ya mto, na kipande cha mpunga bondeni. Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua zilikuja kwa nguvu, Mto Tana ukafurika, shamba likaenda na maji. Wakahamia mahali pa juu, chini ya turubai, pamoja na watoto wanne. Walipoanza kuinuka, maji yakarudi tena Aprili na Mei 2024. Wazee wa huko wanaokumbuka mafuriko ya mwaka 1961 na yale ya El Niño ya 1997 watakuambia kwamba mto huu hutoa kwa mkono mmoja na kutwaa kwa mwingine. Tope hilohilo linaloua zao la mwaka huu ndilo linalorutubisha shamba la mwaka ujao. Lakini mwenye watoto wanaolia njaa leo hali tope la mwaka ujao.

Mume huyo hakuwa mlevi wala mvivu. Alichobadilika ni ulimi. Kila jioni jambo dogo, kama vile sufuria isiyooshwa au mtoto aliyechelewa na kuni, lilitosha kumfanya apige kelele hadi majirani wasikie. Mke naye alikuwa na silaha yake, nayo ni kununa. Aliweza kukaa siku tatu bila kutamka zaidi ya "chakula tayari". Wapo watakaosema kwamba kununa ni afadhali kuliko kupiga kelele. Mimi sina hakika. Aliyewahi kulala karibu na mtu aliyemnunia anajua kwamba kimya kinaweza kukata kuliko panga.

Siku moja mume alikwenda Malindi kutafuta kibarua, akarudi na kitabu cha mtumba juu ya kujijenga na kufanikiwa. Alikisoma kwa koroboi usiku mbili. Siku ya tatu akaamka saa kumi alfajiri, akaandika orodha ya mambo kumi ya kurekebishwa, akaibandika kwenye nguzo ya hema. Mkewe aliisoma polepole, maana shule yake haikufika mbali. Katika mambo yale kumi, manane yalimhusu yeye: asinune, asikopeshe chumvi, awahi kuamka, na kadhalika.

"Baba watoto," akauliza, "kitabu hiki kimeandikwa kwa ajili yako au kwa ajili yangu?"

Mume alikasirika siku nzima. Swali hilo ndilo ninalotaka tukae nalo, kwa sababu karibu kila nyumba ambamo kitabu cha kujijenga kimeingia, swali hilo limepaswa kuulizwa.

Msidhani kwamba jambo hili la kujifunza tabia njema kwa maandishi limeletwa na ndege juzi. Hapahapa pwani yetu, upande wa Siyu na Pate, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha ya maisha na ndoa katikati ya karne ya 19, alipokuwa mjane na mgonjwa. Shaaban Robert wa Tanga naye aliwatungia watoto wake tenzi za maadili, Utenzi wa Adili kwa mwanawe na Utenzi wa Hati kwa binti yake. Angalieni tofauti moja lakini. Hao walikuwa wazazi wakiwausia watoto. Mume si mzazi wa mkewe, wala mke si mwalimu wa mumewe. Wosia unaofaa kutoka kwa mama kwenda kwa binti huwa tusi ukitoka kwa mume kwenda kwa mke bila kuombwa.

Walioandika vizuri zaidi juu ya kujijenga walianza na nafsi zao. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilichochapishwa mwaka 1548, anaeleza njia nyepesi sana. Chagua kosa moja tu. Asubuhi kusudia kulikwepa. Mchana na jioni jihoji umeanguka mara ngapi, kisha weka nukta kwenye mstari wa siku hiyo, moja kwa kila mwanguko. Baadaye linganisha mstari na mstari, siku na siku, juma na juma. Hakuna nguvu za ajabu hapo. Ni hesabu tu, kama mwenye duka anavyofunga daftari lake jioni.

Zaidi ya miaka mia mbili baadaye Mmarekani Benjamin Franklin, ambaye hakuwa Mkatoliki, alieleza jambo linalofanana na hilo katika habari za maisha yake. Aliorodhesha fadhila 13, akaipa kila moja juma lake, akachora kijitabu na kutia alama kila alipokosa. Alikiri kwamba alishangaa kujiona ana makosa mengi kuliko alivyodhani, na kwamba fadhila ya kuweka vitu kwa utaratibu ilimshinda kabisa. Mimi humpenda kwa ungamo hilo kuliko kwa orodha yake. Angalieni pia kwamba katika kijitabu kile hapakuwa na ukurasa wa makosa ya mkewe.

Kwa nini kosa moja tu, wala si kumi? Watu wa bonde la Tana wanaweza kujibu swali hili kuliko msomi yeyote. Zamani mto huu ulimwaga maji yake baharini kusini zaidi ya unapomwagia sasa. Katika karne ya 19 watu walichimba mfereji wa Belazoni kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi, ili mitumbwi ya mizigo ipite. Ulikuwa mfereji mwembamba tu. Lakini maji yalipopata njia, kila msimu yaliupanua, hata mto wenyewe ukaiacha njia yake ya kale. Leo Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, unaingia baharini Kipini, kwa njia iliyoanzishwa na majembe ya watu.

Tabia ndivyo ilivyo. Katekisimu ya mwaka 1992 inaieleza fadhila kuwa ni mwelekeo thabiti wa kutenda mema, uliozoelewa. Tendo dogo likirudiwa huchimba njia, na baadaye maisha yote hufuata. Anayechimba mifereji kumi kwa siku moja atachoka bila kuufikisha hata mmoja mtoni. Kumbukeni pia kwamba maji hayachagui: kelele za kila jioni ni mfereji, na kununa ni mfereji.

Turudi kwa wale wawili. Baada ya hasira yake kupoa, mume aliibandua orodha. Hakuomba radhi kwa maneno mengi. Wanaume wengi ndivyo tulivyo. Aliigeuza karatasi, akachora mistari saba, juu yake akaandika neno moja: kelele. Juma la kwanza alihesabu nukta 19. Juma la tatu zilikuwa 8. Juma la nne, karo ya mtoto ilipodaiwa na fedha hakuna, zikarudi 15, naye akataka kuichana karatasi.

Mke hakuwa na haja ya kalamu. Alichukua kopo tupu na punje za choroko. Kila siku iliyopita akiwa amenuna aliweka punje moja, na hakumwambia mtu maana yake. Ilikuwa mume aliyegundua baada ya juma la pili, akauliza, naye akacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Nadhani kicheko kile kilifanya kazi kuliko mistari na punje. Walikubaliana jambo dogo: mume akihisi hasira inapanda atoke kwenda kutazama mto kabla ya kujibu, na mke asimfuate nyuma kwa maneno, mke naye akiumia aseme siku hiyohiyo, hata kwa sentensi moja tu.

Karatasi ilipotaka kuchanwa, mke ndiye aliyesema, "Kumi na tano si kumi na tisa." Mtakatifu Fransisko wa Sale alikuwa na wazo kama hilo katika kitabu cha mwaka 1609 alichowaandikia watu wanaoishi ulimwenguni, wenye ndoa na kazi, wala si watawa peke yao. Anafundisha kwamba tuwe wapole hata kwa nafsi zetu tunapoanguka, kwa sababu kujikasirikia kwa kuwa tumekasirika ni hasira ya pili juu ya ile ya kwanza.

Wakazi wa Garsen hawahitaji kuhubiriwa sana juu ya hasira isiyozuiwa. Tarehe 22 Agosti 2012 watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa katika kijiji cha Riketa, na hadi mwanzoni mwa 2013 mapigano kati ya jamii za Wapokomo na Waorma yalikuwa yameua zaidi ya 100. Sababu zilikuwa nyingi: ardhi, maji, malisho, siasa. Sisemi kwamba daftari la nukta lingezuia hayo. Lakini mtoto anayeona kila jioni kwamba mkubwa akiudhika hupiga kelele, na akipiga kelele hushinda, anajifunza somo ambalo halibaki nyumbani.

Tena nguvu haina budi kutazamwa vizuri. Wengi hudhani mwenye nguvu za ndani ni yule mwenye sauti na kifua. Wimbo wetu wa taifa wa Kenya, ambao jina lake lenyewe lina neno nguvu, ulipata tuni yake mwaka 1963 kutoka wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto. Mama aliyechoka, anayemwimbia mtoto taratibu hadi alale, ana nguvu ambayo mpiga kelele hana.

Sasa neno juu ya uchaguzi wa misaada hii. Kitabu au mafundisho yanayokuahidi utajiri kwa siku 30, au yanayotaka utume fedha kwa simu kabla ya kusikia somo la pili, achana nayo. Yale yanayokufundisha kwamba mwenzi wako ndiye kizuizi cha mafanikio yako, yaogopeni zaidi. Yanayofaa ni yale yanayokurudisha kwenye mambo madogo unayoweza kufanya leo. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, alikumbusha maneno matatu tu ya kutumiwa nyumbani: la kuomba ruhusa, la kushukuru, na la kuomba radhi. Haya hayahitaji kununuliwa Malindi. Kama mmoja wenu hasomi vizuri, mwingine asome kwa sauti, kurasa mbili kwa jioni, kisha kila mmoja aseme ni wapi pamemgusa yeye. Si wapi pamemgusa mwenzake!

Lazima niongeze jambo ambalo kurasa kama hizi zamani zililipita kimya. Kujijenga nguvu ya moyo si kuvumilia kipigo. Mwanamke anayepigwa, au mwanamume anayepigwa, haambiwi arudi nyumbani akahesabu punje za choroko. Anahitaji kulindwa, na Kenya ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu na ukatili wa nyumbani. Aende kwa chifu, polisi, paroko au ndugu anayemwamini, na aende mapema. Vivyo hivyo yule ambaye tangu mafuriko au mapigano halali usiku, haoni ladha ya chakula, anatamani kufa: huyo si mdhaifu wa tabia, ni mgonjwa, na mahali pake ni zahanati au hospitali. Pombe nayo mara chache hushindwa na mtu peke yake na kitabu chake. Inataka wenzake, na mara nyingine mganga.

Kwa wengine wote, njia ni kama ya wale wawili. Habari za mwisho za mfano wetu ni kwamba wamepanda tena, mpunga bondeni na migomba juu kidogo ya ilipokuwa. Kitabu kile cha mtumba kimepoteza jalada. Kopo la choroko bado lipo, na mara mojamoja punje husikika ikidondoka ndani yake.

Maswali ya kuzungumza ninyi wawili jioni, watoto wakisha lala:

Je, ni kosa gani moja langu ambalo ningechagua mimi mwenyewe, kabla hujanitajia?

Je, hasira yangu au ukimya wangu ulianza lini, na nini kilikuwa kimetupata wakati huo?

Je, ni ishara gani tukubaliane, ya mkono au ya neno, ili mmoja akiitoa mwingine ajue kwamba ni wakati wa kwenda kutazama mto?