Darasa Maalumu au Darasa la Wote? Mtazamo kutoka Somo la Kiswahili, Nakuru

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuuangalia upya mjadala kuhusu mahali panapomfaa mwanafunzi mwenye ulemavu: darasa maalumu, au darasa la kawaida walimo wote. Kwa desturi mjadala huu huachiwa wataalamu wa elimu maalumu. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuupita kando kana kwamba hautuhusu. Maoni ya mwandishi ni kwamba unatuhusu sana, kwa kuwa nchini Kenya njia ya mwanafunzi kiziwi na njia ya Kiswahili hutenganishwa na neno moja dogo la mtaala, ambalo tutalifikia baadaye.

Kisa cha barabara

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya upili viungani mwa Nakuru, nilipangiwa kufunza shadda. Niliandika neno hilo hilo mara mbili ubaoni, kisha nikatamka: barabára, yaani njia wanayopita watu na magari, barábara, yaani sawasawa. Darasa likarudia kwa sauti moja, nami nikaridhika. Kijana mmoja aliyeketi karibu na dirisha, ambaye usikivu wake ulikuwa umefifia tangu utotoni, akaninyoshea daftari lake. Alikuwa ameandika: "Mwalimu, mbona neno moja umeliandika mara mbili?"

Swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Kwa macho yake hapakuwa na maneno mawili. Katika chumba cha walimu nilipewa majibu mawili. Mwenzangu mmoja alisema kwamba kijana yule alipotea njia, kuna shule zao. Wa pili akasema kuwa heri abaki, angalau yuko pamoja na wenzake. Nimeyapima majibu hayo tangu siku hiyo, na sioni kama lolote kati yake linatosha.

Sheria inasemaje?

Tamko la Salamanca la 1994 liliyahimiza mataifa yafungue milango ya shule za kawaida kwa watoto wote. Hapa Kenya, mwaka 2003 ulileta mambo mawili kwa pamoja: elimu ya msingi bila malipo na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kisha ikaja Katiba ya 2010. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu katika taasisi zilizojumuishwa katika jamii, lakini kwa kiwango kinachooana na maslahi ya mtu mwenyewe. Wengi wanaoinukuu ibara hii huishia kwenye neno "zilizojumuishwa". Kwangu mimi uzito wote umo katika sharti linalofuata, kwa sababu maslahi ya mwanafunzi asiyeona si maslahi ya mwanafunzi kiziwi.

Mwanafunzi asiyeona tayari anayo lugha ya darasa. Hadithi ikisimuliwa anaisikia, kitendawili kikitegwa anakitegua. Anachokosa ni maandishi, na maandishi yanaweza kuletwa kwa breli ikiwa kuna nia na fedha, ingawa kitabu teule kimoja cha wenzake hugeuka majuzuu kadhaa manene kikishaandikwa kwa nukta. Kwake darasa la wote linafaa, mradi majuzuu hayo yafike kabla ya mtihani.

Hali ya kiziwi ni tofauti. Viziwi wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia, wasiojua lugha ya ishara. Nyumbani mtoto huambulia vidokezo vya mikono tu. Kwa mtoto wa namna hiyo, shule kama ile ya viziwi ya Ngala, hapa Nakuru, ndipo mahali anapoweza kukuta lugha kamili ikitumiwa na wakubwa na wadogo, uwanjani, bwenini na mezani. Ukimtoa humo na kumweka miongoni mwa wanafunzi arubaini wanaosikia, bila mkalimani, umemjumuisha kwa mwili na kumtenga kwa lugha. Zaidi ya hapo wapo wasioona wala kusikia, ambao shule yao iko Kabarnet na ambao huzungumza kwa kugusana mikono. Anayedai kwamba shule zote maalumu zifungwe na aeleze kwanza watoto hawa watazungumza na nani.

"Au" ya mtaala

Sasa tulifikie lile neno dogo. Lugha ya Ishara ya Kenya hutahiniwa mahali pa Kiswahili, na mtaala wa umilisi umeendelea kuandika "Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya". Huu ulikuwa ushindi mkubwa. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake. Haikutoholewa kutoka Kiswahili wala Kiingereza, na Katiba imeitambua kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Lakini ile "au" ina gharama. Nakuru, iliyopata hadhi ya jiji mwaka 2021, ni mji wa Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni na katika vituo vya matatu. Kijana kiziwi anayehitimu bila kukisoma Kiswahili cha maandishi hukutana na tangazo la kazi ukutani asilimaizi. Kiswahili cha kusoma na kuandika hakihitaji sikio. Ningependa aliye tayari aruhusiwe kuwa na zote mbili.

Kuna jambo la istilahi pia. Baadhi yetu hudai kuwa maneno kama kiziwi na kipofu yanadunisha kwa sababu ya kiambishi ki-. Hoja hiyo haisimami peke yake: kijana, kiongozi na kinyozi wamo humo humo, na wote, kiziwi akiwemo, huchukua upatanisho wa A-WA. Huko Tanzania viziwi wenyewe wameliweka neno hilo katika jina la chama chao, CHAVITA. Wasioona, kwa upande wao, aghalabu hulikataa kipofu. Ya busara ni kumuuliza mwenye jina.

Mwalimu wa Kiswahili

Idara zetu huwatoa walimu waliosoma fonolojia kwa mihula kadhaa bila kujifunza hata ishara ya "habari". Kozi moja ya Lugha ya Ishara ya Kenya, ya lazima kwa kila mwanafunzi wa ualimu wa Kiswahili, isingekuwa mzigo. Ingetufaa hata katika isimu, maana tungekutana na lugha ambayo "sauti" zake ni maumbo ya mikono.

Kuhusu kijana wa dirishani, siku iliyofuata nilimwomba aweke kiganja juu ya dawati, nami nikagonga silabi nne, ya tatu kwa nguvu. Kisha nikagonga tena, nguvu kwenye ya pili. Alinitazama, akachukua kalamu na kutia alama juu ya maneno yote mawili mahali panapostahili. Halafu akaandika chini yake: "Na katika mtihani, nani atanigongea?"