Somo la mwezi: Rotili za mbele, tuzibadilishe kabla gurudumu halijalala



Mara nyingi katika masomo haya tunaongea juu ya mbegu, magonjwa ya muhogo na namna ya kukausha mpunga. Leo tunaongea juu ya gari. Mpunga ukivunwa vizuri, ukakaushwa vizuri, lakini ukabaki Lulimba kwa kukosa usafiri, bado haujawa feza. Na ile gari ya zamani ambayo koperative imenunua kwa michango ya wanamemba ni mali yenu sawa na shamba la pamoja. Shamba linalimwa na kupaliliwa. Gari nayo inataka kupaliliwa.

Hatutafanya kila mtu kuwa fundi. Lakini tunataka kila memba ajue kitu kimoja kinachoweza kuangusha gari na watu wake, ajue namna kinavyopimwa, na ajue kazi nzuri ya kukibadilisha inafanana namna gani. Kwa njia hiyo hamtalipa feza mara mbili kwa kazi moja.

Njia yetu inakula nini?

Kutoka Lulimba kwenda Baraka tunapanda mpaka Fizi, halafu tunateremka kwenda ziwani. Ukielekea upande mwingine ni Kalemie. Njia ni ya udongo. Wakati wa masika malori yanachimba mifereji mirefu katika matope, na kiangazi mifereji ile inakauka na kuwa migumu kama matofali. Kila shimo linapiga magurudumu ya mbele kwanza, na gari ndogo kama Toyota HiAce ya zamani haikutengenezwa kwa mapigo kama hayo kila siku, tena ikiwa na magunia mpaka juu.

Ndiyo maana sehemu za mbele zinachoka mapema: rotili, mipira ya mikono, amortisa na viungo vya usukani. Zote ni za maana, lakini leo tunaanza na rotili, sababu yenyewe ikikatika haitoi nafasi ya pili.

Rotili ni kitu gani?

Tazameni nyonga ya mbuzi mnapochinja. Kuna mfupa wenye kichwa cha mviringo, umeingia ndani ya kikombe, na katikati kuna utelezi. Mguu unakwenda mbele, nyuma na pembeni bila kutoka. Rotili iko vilevile. Ni kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha chuma, grisi katikati, na juu yake kofia ya mpira ya kuzuia maji na mchanga. Inaunganisha mkono wa gari na kile chuma kinachobeba gurudumu. Katika gari nyingi za aina hii kila upande wa mbele uko na rotili mbili, ya juu na ya chini.

Wanaonunua piesi zinazovuka ziwa kutoka Kigoma watasikia ikiitwa bolijointi. Ni kitu kilekile.

Ugonjwa wake unaanza na ile kofia ya mpira. Ikipasuka, matope yanaingia na grisi inatoka. Chuma kinasagana na chuma. Kichwa kinapungua, kikombe kinapanuka, halafu siku moja, katika shimo ambalo gari imepita mara mia, kichwa kinachomoka. Gurudumu linalala chini ya gari, usukani hausikii tena, na mpira unaopeleka mafuta ya freni unaweza kukatika papo hapo. Kwenye tambarare mtapoteza siku. Kwenye mteremko wa Fizi, na akina mama wamekaa juu ya magunia, hatutaki hata kufikiri.

Dalili ambazo shofere anasikia

Kuna mlio wa "ko, ko, ko" mbele wakati gari inapita polepole katika mashimo. Gari inavutwa upande mmoja, au inayumba na shofere anafanya kazi ya kuirudisha kila mara. Usukani ukikatwa haurudi wenyewe. Tairi inakwisha upande wa ndani au wa nje tu, na upande mwingine bado mzima.

Dalili moja haitoshi kuhukumu rotili. Tairi ikikwisha vibaya, shida inaweza kuwa viungo vya usukani. Ndiyo maana lazima kupima.

Namna ya kupima

Kazi hii inataka watu wawili na nusu saa. Tunashauri ifanywe mara moja kwa mwezi, na tena baada ya safari yoyote ambayo gari ilipigwa sana.

1. Wekeni gari mahali pa tambarare na pagumu. Vuteni freni ya mkono. Zuieni magurudumu ya nyuma kwa magogo, mbele na nyuma yake.

2. Kabla ya kuinua, tazameni kofia za mpira za rotili zote. Iliyopasuka, au inayotoa grisi iliyochanganyika na udongo, iandikeni katika kaye ya gari.

3. Inueni upande mmoja kwa kriki, halafu wekeni vigogo vya mti mgumu chini ya shasi. Mtu asiingie chini ya gari inayoshikiliwa na kriki peke yake. Msitumie jiwe wala tofali, vinapasuka bila kuaga.

4. Shika gurudumu juu na chini, mkono mmoja kila upande. Vuta juu, sukuma chini. Likicheza, mwenzako akanyage freni kwa nguvu, halafu jaribu tena. Mchezo ukiisha, shida iko kwenye rulma ya gurudumu. Ukibaki, tazama rotili.

5. Shika sasa kushoto na kulia. Likicheza hapo, tazameni viungo vya usukani.

6. Pitisha baramini chini ya tairi, inua taratibu, huku mwenzako anatazama rotili akiwa pembeni. Chuma kikipanda peke yake kabla ya mkono wa gari kusogea, rotili imekwisha.

7. Rudieni hatua ya 4 na ya 6 huku kriki ikiwa chini ya mkono wa chini, karibu na gurudumu. Wakati mwingine nguvu ya springi inabana rotili na kuficha mchezo wake. Ukipima mara moja tu, unaweza kudanganyika.

Kununua piesi

Msimtume mtu Baraka au Uvira na maneno tu. Apeleke piesi ya zamani mkononi, au namba ya shasi iliyoandikwa vizuri. HiAce ziko za miaka mingi, na rotili zake hazilingani. Dukani alinganishe unene wa shina, meno ya buloni, na nafasi ya matundu. Ashike kichwa na kukizungusha: rotili mpya inakuwa nzito kidogo. Ikicheza ovyo kama kengele, airudishe. Kofia ya mpira isiwe na ufa.

Piesi ya okazioni iliyotoka katika gari nyingine ina beye nzuri, lakini hamjui imetembea njia gani. Kwa kiti au kwa mlango, okazioni si mbaya. Kwa rotili, hapana.

Rotili za kushoto na kulia zimetembea njia moja, kwa hiyo mara nyingi zinachoka pamoja. Kama feza iko, badilisheni pande zote mbili. Kama haitoshi, badilisheni iliyokwisha, na ile ya pili ipimwe kila juma mpaka zamu yake. Amortisa lakini zinabadilishwa mbili kwa pamoja, siku moja.

Kazi ya kubadilisha: mtazame nini kwa fundi?

Kazi yenyewe ni ya fundi mwenye kuzoea. Lakini mtu mmoja wa komite akae pale na atazame mambo haya.

Kwanza, ekru za gurudumu zinalegezwa gari ikiwa bado chini. Halafu gari inainuliwa, inawekwa juu ya vigogo, na gurudumu linatolewa. Matope yasafishwe kabla ya kufungua kitu chochote.

Pili, HiAce nyingi za zamani hazina springi ya kuviringika mbele. Ziko na chuma kirefu kilicholala chini ya gari, ambacho kinajisokota na kufanya kazi ya springi. Chuma hicho kimebeba nguvu kubwa sana. Mkono wa chini lazima ushikiliwe kwa kriki kabla ya kutenganisha rotili, na kama nguvu iko kwenye mkono unaofunguliwa, chuma kilegezwe kwanza. Kabla ya kulegeza, fundi apige alama za rangi na apime buloni yake imetokeza kiasi gani. Asipofanya hivyo, gari itarudi imeinama upande mmoja. Cha kushoto na cha kulia visibadilishane.

Tatu, gupili inatolewa, ekru inalegezwa lakini inaachwa juu ya meno machache. Hiyo inazuia mkono usiruke. Shina la rotili linatolewa kwa kifaa chake cha kuvutia, au kwa kugonga ubavu wa tundu lake. Kugonga meno ya buloni ni kuharibu.

Nne, rotili mpya inaingia katika tundu safi na kavu. Shina halipakwi grisi, sababu linatakiwa kushika. Ekru inakazwa kwa kipimo cha kitabu cha gari. Tundu la gupili lisipolingana, kaza kidogo zaidi mpaka lilingane. Usirudishe nyuma. Gupili iwe mpya, si kipande cha waya.

Tano, kama mipira ya mikono nayo imebadilishwa, buloni zake zinakazwa mara ya mwisho gari ikiwa imesimama juu ya magurudumu yake. Ukizikaza mguu ukiwa unaning'inia, mpira unabaki umesokotwa siku zote na utapasuka haraka. Mafundi wengi wanaruka hatua hii, halafu lawama inapewa piesi.

Sita, magurudumu yapimwe kama yanatazama mbele sawasawa, vinginevyo tairi mpya zitakwisha kwa safari chache. Na baada ya safari ya kwanza, ekru za gurudumu zikazwe tena.

Mambo tunayokataa

Kuunga rotili kwa moto: moto unaharibu ugumu wa chuma na kuunguza kitu cha ndani. Kujaza vipande vya tairi katika kikombe ili mlio unyamaze: mlio unanyamaza kweli, lakini ugonjwa unaendelea, na sasa hakuna wa kuwaonya.

Mzigo na feza

Gunia 10 za kilo 100 ni tani moja. Mkiongeza watu 8 wa kilo 65, hiyo ni kilo 520 tena. Someni kibandiko cha gari yenu kinasema mwisho wa mzigo ni kilo ngapi, na muandike namba hiyo kwa rangi ndani ya mlango, mahali kila mtu anaiona. Safari mbili zenye mzigo wa haki zinaweza kuonekana ghali kuliko moja ya kujaza. Hesabuni pamoja na piesi, ndipo mtajua.

Feza ya piesi isitafutwe siku gari imelala. Tuseme, kwa mfano tu, kila safari inaweka dola 5 katika sanduku la gari, na gari inafanya safari 4 kwa mwezi. Katika miezi 6 mko na dola 120, bila kuchangisha mtu. Sanduku hilo liwe na kaye yake, na kaye isomwe mbele ya mkutano.

Nani anaweza kusema "leo gari haitoki"?

Hapa ndipo koperative nyingi zinashindwa, hata zenye fundi mzuri. Shofere anasikia mlio. Anamwambia mkubwa wa komite. Lakini kesho ni soko, magunia yamekwisha kupakiwa, na watu wamelipa. Anaambiwa: "Nenda tu, utatengeneza ukirudi." Akikataa, anaogopa kupoteza kazi. Akikubali, anaondoka na roho za watu. Na kulala porini na mzigo, katika njia zetu hizi, nyote mnajua si mchezo.

Tunashauri mkutano wa wanamemba wote uandike kanuni fupi: rotili ikionekana inacheza, gari haibebi mzigo wala mtu mpaka itengenezwe, na shofere aliyeisimamisha haadhibiwi. Kanuni hiyo ikiwa ya wote, mkubwa hawezi kuivunja peke yake, na shofere hasimami peke yake. Mpunga uliokauka vizuri unaweza kungoja juma moja katika depo.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Gari yetu ilipimwa mbele mara ya mwisho lini? Imeandikwa wapi?
2. Safari iliyopita tulipakia kilo ngapi, pamoja na watu?
3. Sanduku la gari liko na feza kiasi gani leo? Nani anashika ufunguo, na nani anashika kaye?
4. Shofere wetu akisema gari haitoki, tutamjibu nini?

Jibuni swali la nne kabla ya masika kuanza. Yale mengine matatu mnaweza kuyamaliza kwa kriki, kaye na kalamu.