Kimya cha Maandiko: Vuguvugu la Urejesho na Suala la Utumwa Marekani Katika Karne ya 19

Vuguvugu la Urejesho lilichipuka Marekani mwanzoni mwa karne ya 19, katika majimbo ya Kentucky na Pennsylvania. Waasisi wake mashuhuri ni Barton W. Stone, Thomas Campbell na mwanawe, Alexander Campbell. Lengo lao lilikuwa kuondoa migawanyiko ya kimadhehebu na kulirejesha kanisa katika sura ya Agano Jipya. Kanuni ambayo Thomas Campbell aliitoa mwaka wa 1809 ilimtaka muumini aseme pale Maandiko yanaposema na anyamaze pale yanaponyamaza. Makala haya yanachunguza jinsi suala la utumwa lilivyoitia kanuni hiyo majaribuni.

Stone aliwaacha huru watumwa aliokuwa nao, na mwaka wa 1834 akahamia Illinois, jimbo lisiloruhusu utumwa. Alexander Campbell naye aliwaacha huru watumwa wake. Hata hivyo, mwaka wa 1845, wakati Wamethodisti na Wabaptisti walipokuwa wakigawanyika kwa sababu ya utumwa, alichapisha mfululizo wa makala katika jarida lake, Millennial Harbinger. Alishikilia kwamba ingawa utumwa haukuifaa Marekani, Maandiko hayakuukataza uhusiano wa bwana na mtumwa, bali yaliuwekea masharti. Kwa hivyo, kanisa halikuwa na idhini ya kumtenga muumini kwa kumiliki watumwa.

Msimamo huo haukuwaridhisha wote. James Shannon, rais wa Chuo Kikuu cha Missouri, aliutetea utumwa kwa kutumia Biblia iyo hiyo. Kwa upande mwingine, mhubiri Pardee Butler aliupinga waziwazi. Mwaka wa 1855 kundi la watu mjini Atchison, Kansas, lilimpandisha kwenye chelezo cha magogo na kumwachilia achukuliwe na mto Missouri. Mwaka uo huo, chuo kikuu kilichoasisiwa na wakili Ovid Butler, mpinzani wa utumwa, kilifunguliwa Indianapolis.

Ni dhahiri, basi, kwamba kanuni moja ya usomaji ilizaa misimamo mitatu inayokinzana. Tatizo halikuwa matini pekee, bali pia nafasi ya msomaji katika jamii. Umoja ambao Campbell aliulinda ulikuwa umoja wa walio huru. Watumwa, ambao baadhi yao walikuwa waumini wa makanisa yayo hayo, hawakuulizwa umoja huo uliwagharimu nini.

Isitoshe, umoja wenyewe haukudumu. Sensa ya dini ya mwaka wa 1906 iliyaorodhesha Makanisa ya Kristo, yaliyokuwa na nguvu zaidi Kusini, mbali na Wanafunzi wa Kristo. Hoja zilizotajwa zilikuwa ala za muziki na vyama vya kimisheni, lakini makovu ya vita vya 1861 hadi 1865 yalichangia pia. Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Anayenyamaza mbele ya dhuluma kwa kuwa matini haikuitaja amekwisha kuchagua upande.